Diski nyuma kwenye Hilux ya mzigo: kabla hujang'oa dramu, kamata kwanza kinachozamisha pedali

Kuna kijana kaniandikia swali, nalifupisha: "Shikamoo mzee. Nina Hilux Vigo singo kebini ya 2010, injini 2.5 D-4D, haina ABS (ile kompyuta inayozuia matairi yasigande). Nabeba kabichi, karoti na viazi kutoka Lushoto nashuka Mombo mpaka Tanga. Nikiwa na mzigo, nikishapita Soni pedali inaanza kuzama na harufu ya kuungua inaingia mpaka ndani, nikikaribia Mombo nakanyaga mara mbili ndo breki ishike. Springi za nyuma nimeongeza majani mawili. Fundi mmoja kanambia nitoe dramu za nyuma niweke diski za Prado, tatizo litakuwa limekwisha. Ni kweli? Na zinaingia?"

Marahaba mwanangu. Kwanza nashukuru umeuliza kabla hujafungua gari, maana hii kazi nimeletewa mara nyingi ikiwa imeshaharibiwa. Kwa asiyejua, dramu ni kama kopo la chuma linalozunguka na tairi, shuu zinaibana kwa ndani, na diski ni duara la chuma linalobanwa na pedi pande mbili, kinachozibana hizo pedi ndo kalipa. Jibu langu ni kwamba diski nyuma zinawezekana na zina faida zake, ila kwa ulivyonieleza mi naona ugonjwa wako haupo kwenye dramu kuwa dramu. Upo kwenye kile ulichokitaja mwishoni kama kitu kidogo tu, yale majani mawili ya springi.

Ingia chini ya gari, upande wa nyuma, angalia juu ya difu. Utaona chuma chembamba kama fimbo kimetoka kwenye ekseli kinapanda mpaka kwenye vali iliyofungwa kwenye chesisi, na paipu za breki zinaingia na kutoka hapo. Kwenye vitabu vya Toyota inaandikwa LSPV, kazi yake ni kugawa breki ya nyuma kufuatana na mzigo. Gari likiwa tupu, bodi iko juu, fimbo imekaa mbali, vali inabana presha ya nyuma ili matairi yasigande ukikanyaga ghafla. Ukipakia, bodi inashuka, fimbo inasukuma, vali inaachia presha zaidi iende nyuma kwa sababu sasa nyuma kuna uzito wa kushika. Haina umeme wala kompyuta, inapima tu umbali wa bodi na ekseli.

Sasa wewe umeongeza majani mawili, gari likawa limenyanyuka. Ukipakia tani nzima ya viazi bodi inashuka labda mpaka pale ambapo zamani ilikuwa inakaa ikiwa tupu. Vali haijui kuna viazi, inachojua ni umbali, kwahiyo inaona gari tupu na inabana breki ya nyuma. Maana yake unashuka Lushoto na mzigo kamili huku breki za mbele zinafanya karibu kazi yote peke yake. Hapo hata ukiweka diski za gari la mashindano nyuma, kama presha haifiki zitakuwa zinazunguka tu.

Nataka ujue ni kazi gani unaipa hizo breki. Lushoto mpaka Mombo unashuka karibu mita 1,000 kwenda chini, kilomita 30 na ushee za kona juu ya kona. Gari lako na mzigo weka tani 2.8. Ile nguvu ya kushuka lazima iende mahali, na ukiipigia hesabu inatosha kuchemsha maji zaidi ya lita 80 kutoka ya bomba mpaka yatokote. Sehemu inaliwa na upepo na matairi, sehemu kubwa inaweza kuliwa na injini kama uko kwenye gia ndogo, kinachobaki chote kinaingia kwenye breki. Ukishuka na gia ya nne ukiwa umeegesha mguu kwenye pedali muda wote, umeamua mwenyewe kuchemshia hayo maji kwenye diski mbili za mbele. Wazee wa malori wana kauli yao, gia uliyopandia ndo ushukie nayo, na mi kwenye barabara ile nashuka na ya pili, ya tatu pale inapolegea, nakanyaga breki kwa nguvu kidogo naachia kabisa, nakanyaga tena naachia, ili zipate kupumua.

Kabla hujatumia hata shilingi fanya hiki kipimo. Siku ukishuka na mzigo, ukifika Mombo egesha sehemu tambarare, weka gia na jiwe, usivute hendibreki wakati breki zina moto. Kama una kile kipima joto cha kuelekeza tu, pima diski za mbele na dramu za nyuma, kama huna, sogeza kiganja karibu na rimu bila kugusa, moja moja, zote nne. Mbele zikiwa zinawaka na nyuma ni vuguvugu tu, basi nyuma hazifanyi kazi na umeshapata jibu. Na tafadhali usizimwagie maji, diski ya moto ikimwagiwa maji inapinda au inapasuka, nimeona vijana wengi wanafanya hivyo wakidhani wanasaidia.

Pedali nayo inaongea ukiisikiliza. Ikiwa iko juu na ngumu lakini gari halishiki na kuna harufu, hapo pedi au shuu zimezidiwa na moto. Ikiwa laini kama unakanyaga sponji, fluidi imechemka, ndani ya paipu kuna mvuke na mvuke unabanika, fluidi haibaniki. Ikiwa inaenda chini halafu ukirudia mara ya pili inapanda na inakuwa ngumu, mara nyingi shuu za nyuma ziko mbali na dramu, adjasta, yaani kile kinachosogeza shuu karibu zikilika, imeshikwa na kutu haijirekebishi, na dramu ikipata moto inatanuka inazidi kukimbia shuu. Wewe umesema unakanyaga mara mbili ndo inashika, kwahiyo mi nashuku hayo mawili ya mwisho yote yapo, adjasta na fluidi.

Kuhusu fluidi watu wanaichukulia poa sana. Ile ya daraja la DOT 3 ikiwa mpya inachemka nyuzi 205, lakini fluidi inanyonya unyevu hata kopo likiwa limefungwa kwenye gari, na ikishanyonya kile kiwango wanachokipimia inashuka mpaka nyuzi 140. DOT 4 inaanzia 230 na ikilowa inashuka mpaka 155. Kama gari lako fluidi haijabadilishwa miaka minne na unashuka Lushoto kila wiki, una nyuzi 140 mkononi, na kalipa ya mbele ikipata moto wa kweli inafika huko bila shida. Toa yote weka DOT 4 mpya, kopo lililofunguliwa leo, sio lile lililokaa nusu kwenye kabati la gereji, halafu iwe kila baada ya miaka miwili.

Kwahiyo mpango wangu kwako ni huu. Fungua dramu zote mbili. Angalia kipimo cha mwisho kilichogongwa kwenye dramu yenyewe, ikipita hapo tupa, usikubali kukerezwa tena. Wili silinda, zile silinda ndogo zinazosukuma shuu, nyanyua vile vimpira vyake, ukiona unyevu badilisha. Adjasta zifungue, zioshe, ziweke grisi ya breki kidogo, zigeuke kwa vidole. Shuu mpya za maana. Sili za shafti zikague, ukikuta oili ya difu imelowesha shuu, usisugue shuu na msasa ukarudisha, oili imeshaingia ndani, ukiipa moto itatoka tena. Halafu ile vali, jaribu kusogeza mkono wake, kama umeganda badilisha, na urefu wa fimbo urekebishwe uendane na springi ulizoongeza. Fimbo ina nati za kurekebishia, lakini kurekebisha kwenyewe ni kwa geji za presha, moja mbele moja nyuma, gari likiwa na uzito unaojulikana kwenye ekseli ya nyuma, sio kwa macho. Ukikosa gereji yenye geji, afadhali punguza majani urudishe urefu wa kiwandani, mzigo upungue na wenyewe. Na kwenye kutoa upepo kumbuka ile vali ina nipo yake ya kutolea hewa, mafundi wengi wanaisahau, wanatoa magurudumu manne wanashangaa pedali bado laini.

Kuna jambo naliona sana na linaniuma. Mtu akiona vali inasumbua anachukua waya wa kufungia mabati anaifunga ile fimbo juu kabisa, ili nyuma ipate presha yote muda wote. Ikiwa na mzigo dereva anafurahi. Nilishaletewa Hilux iliyofanyiwa hivyo gereji moja, na wakaweka na diski nyuma juu yake, mwenye gari akarudi tupu, mvua imenyesha, akakanyaga breki kumkwepa mbuzi, matairi ya nyuma yakaganda kwanza, gari likageuka likaangalia lilikotoka likaingia mtaroni. Hakufa mtu, namshukuru Mungu, lakini mkewe aliumia bega. Tairi la mbele likiganda gari linaenda mbele moja kwa moja, la nyuma likiganda kwanza gari linageuka, na ukishageuka usukani hauna msaada wowote. Kila ninachokuambia kuanzia hapa kinazunguka kwenye hilo, mbele lazima igande kabla ya nyuma, ikiwa tupu na ikiwa na mzigo.

Haya, tuseme umefanya yote hayo na bado unataka diski. Sikukatazi. Diski inapoa haraka, haikimbii pedi ikipata moto kwa sababu inatanuka kuelekea kwenye pedi, ukivuka maji inakauka mara moja wakati dramu inabaki na maji na matope ndani, na kubadilisha pedi ni kazi ya nusu saa. Kwenye mteremko kama wako hiyo ya moto ni faida ya kweli. Ila usidhani dramu ni ushamba. Hilux imekaa na dramu nyuma miaka yote, Toyota walianza kuweka diski nyuma kwenye aina chache za juu kama GR Sport juzi juzi tu, na hata Volkswagen ID.4, gari la umeme la kisasa kabisa, limetoka kiwandani na dramu nyuma. Dramu imefunikwa, vumbi la changarawe haliifikii kirahisi, shuu zinakaa muda mrefu, na hendibreki yake inashika vizuri.

Kitu cha kwanza cha kuelewa, diski inataka presha kubwa kuliko dramu. Kwenye dramu ile shuu inayotangulia ikigusa, mzunguko wa dramu wenyewe unaivuta na kuikandamiza zaidi, yaani dramu inajisaidia. Diski haijisaidii, inashika kwa nguvu unayoipa tu. Ndo maana kalipa ina pistoni kubwa, wili silinda pistoni ya milimita 22 eneo lake ni kama milimita za mraba 380, kalipa yenye pistoni ya milimita 43 ni kama 1,450, karibu mara nne. Sasa ukifunga kalipa kubwa mno, nyuma itaganda mapema. Ukifunga ndogo mno, au ukabakiza vali inayobana presha kwa hesabu za dramu, nyuma haitashika na mbele zitaendelea kuungua kama zamani, umetumia hela kupamba tu. Na masta silinda, ile silinda kuu inayosukumwa na pedali, lazima iweze kusukuma fluidi ya kutosha kwa kalipa ulizochagua, isipoweza pedali inakuwa ndefu, na ukikimbilia kuweka masta silinda kubwa zaidi pedali inakuwa fupi lakini ngumu, mguu unafanya kazi zaidi kwa breki ileile. Hizi ni hesabu za kufanya kwenye karatasi kabla ya kununua, sio baada. Na kwenye magari mengine ya zamani yenye dramu, hasa ya Kimarekani, kuna kivali kidogo kinachobakiza presha kwenye paipu ya nyuma, kikibaki na umeweka diski, pedi zinasugua safari nzima mpaka zinaungua.

Kuhusu za Prado. Prado nyingi kuanzia ile ya toleo la 120 zina diski nyuma, na rimu zake zina nati 6 kwa mpangilio uleule wa milimita 139.7 kama Hilux nyingi, hapo ndo maneno ya "zinaingia" yanapotokea. Mi nakuambia nati za rimu ndo jambo dogo kuliko yote. Cha kupima ni matundu manne ya flenji ya ekseli, ule uso wa mwisho wa ekseli pale sahani ya nyuma ya dramu inapofungwa, tundu la katikati la diski kama linakaa sawasawa kwenye kichwa cha shafti bila kucheza, na diski inakaa umbali gani kutoka kwenye hiyo flenji ili kalipa iwe katikati yake. Ukienda Gerezani au Ilala kule Dar kutafuta ya mtumba, beba sahani yako ya dramu mkononi na vernia ya kupimia milimita, usikubali neno "hiyo inaingia boss" mpaka uone mwenyewe. Na angalia rimu, kama unatumia za inchi 15, kalipa nyingi zitagusa rimu kwa ndani, utalazimika kununua rimu na tairi za inchi 16 au 17, hiyo gharama hakuna atakayekutajia mwanzo.

Zuri la Prado ni hendibreki, ndani ya kofia ya diski kuna shuu ndogo zinazofanya kazi ya hendibreki peke yake. Chukua mfumo wote kwa pamoja, sahani, shuu, kebo, kila kitu, au kalipa zenye mkono wa hendibreki juu yake. Usiniletee habari ya kutembea na jiwe. Hendibreki ni breki yako ya pili siku ile ya kwanza imekataa, na gari la mzigo lisilo na hendibreki kwenye mji wenye milima kama Lushoto ni hatari kwa mtoto wa mtu anayepita nyuma yake.

Kazi yenyewe sasa. Kwenye Hilux kutoa sahani ya dramu lazima uchomoe shafti, na bering imebanwa kwenye shafti kwa presi, huwezi kuigonga kwa nyundo ukasema umemaliza. Ukishaitoa weka bering na sili mpya palepale, usirudishe za zamani. Mabano ya kushikilia kalipa yakatwe kwa chuma kizito, milimita 10 mpaka 12, matundu yatobolewe kwa drili kwenye mashine sio kwa gesi, bolti ziwe za daraja la 10.9. Mtu akitaka kuchomelea mabano kwenye ekseli mkatalie, moto wa welding unapindisha ekseli na utakula bering kila mwezi. Diski ikishakaa ipimwe kama inayumba, kwa geji ya saa, isizidi sehemu moja ya kumi ya milimita, ikizidi utasikia pedali inatetemeka.

Kalipa ya kushoto ikae kushoto na ya kulia ikae kulia, nipo ya kutolea hewa iwe juu kabisa. Hili linaonekana dogo lakini nimekuta gari limezungushwa gereji tatu, masta silinda mbili mpya zimenunuliwa, pedali bado laini, kumbe kalipa zimebadilishana pande, nipo iko chini na hewa imekaa juu haina pa kutokea. Paipu ziwe za chuma za breki, mdomo ukunjwe mara mbili kwa kifaa chake, usikubali paipu ya shaba ya friji hata kama fundi anaapa, na ile hozi ya mpira inayoenda kwenye kalipa isiguse chochote gari likishuka na likipanda mpaka mwisho wa springi.

Gari lako halina ABS, hiyo imekurahisishia. Anayesoma hapa na gari lake lina ABS au lile la kuzuia kuteleza, asijaribu haya ya kuunga unga. Kompyuta yake imefundishwa breki za dramu, na sensa za magurudumu ya nyuma zimekaa palepale unapofungua. Mwenye gari la namna hiyo atafute seti kamili iliyotengenezwa na kupimwa kwa gari lake, Australia wanazitengeneza kwa Hilux na Ranger kwa sababu kule watu wengi wanavuta trela, ni ghali ila hesabu zimeshafanywa.

Ukimaliza usipakie siku hiyo. Tafuta sehemu wazi isiyo na watu, ya changarawe, gari likiwa tupu, mwendo wa 30 au 40, kanyaga kwa nguvu huku mtu wa nje anaangalia matairi. Yakiganda ya nyuma kwanza, gari halitembei barabarani mpaka presha ya nyuma ipunguzwe. Rudia na nusu mzigo, halafu mzigo kamili, halafu rudia tena siku ya mvua. Pedi mpya zizoeze kwanza, toka 60 mpaka 20 kwa kukanyaga wastani bila kusimama kabisa, mara 20 au 30 hivi, katikati uziache zipoe. Mwenye bima yako naye umjulishe kwa maandishi kuwa umebadilisha breki, usije ukaambiwa siku ya ajali gari halikuwa la kiwandani.

Mi ningekuwa wewe wiki hii ningefanya fluidi, adjasta, shuu na ile vali, nikashuka na nusu mzigo kwa gia ya pili nikapima joto pale Mombo. Ukishafanya hivyo nitumie namba nne za joto kama umezipata, na picha ya ile fimbo gari likiwa tupu na likiwa limepakiwa, nitaangalia na kukujibu kama bado kuna haja ya kwenda kutafuta hizo za Prado.